Nondo Katika Mikeka ya Nonjabulo

Umewahi kupasua unyasi wa kinamasini kwa ukucha ukakuta ndani mna mwenyewe amelala? Kama hujawahi, ngoja nikueleze alivyo. Ni funza mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, mweupe wa maziwa yaliyolala, kichwa chake cha kahawia. Huingia ndani ya unyasi angali mdogo, na tundu alilopitia huwezi kulitofautisha na alama ya sindano, ila pembeni yake huacha unga kidogo, kama ule wa msumeno. Humo ndani hula, hulala, hunenepa. Baridi ikija hatafuti pa kwenda, ananyamaza palepale. Hata unyasi ukikatwa na kukauka, yeye yumo, amenyamaza, anangoja maji. Akiyapata, anajivika ganda, na siku zake zikitimia anatoka nondo: mdogo, rangi ya majani makavu, mdomo umechongoka mbele kama wa panya, na akitua anajiviringishia mabawa mwilini kama mkeka uliokunjwa.

Khonzaphi Ngema alimjua mdudu huyu kabla hajajua kusoma, na kusoma kwenyewe aliishia darasa la nne. Mama yake alimfundisha kwamba kabla mundu haujapita, vidole vipite kwanza. Unashika konzi ya nyasi huko chini karibu na maji, unazipapasa, unazigeuza, na unyasi wenye unga au tundu unautupa. Wenzake walikata haraka wakachagua nyumbani, na wengine hawakuchagua kabisa. Yeye alichagua palepale, miguu imo majini. Ndiyo maana mikeka yake ilidumu, na ndiyo maana kila mwenye binti wa kuozwa, kuanzia kwao mpaka ng'ambo ya mto Msunduze, alimtafuta yeye kwanza.

Mwaka huo harusi ilikuwa ya nyumbani kwao. Anayeolewa alikuwa Nonjabulo, binti wa Bathabile, na Bathabile ni mdogo wake Khonzaphi, tumbo moja.

Bathabile hakuwahi kuolewa. Mtoto alipoacha ziwa, yeye alirudi Durban kwenye kazi yake ya kufua mashuka ya hoteli, akamwacha Nonjabulo nyumbani kwa kaka yao, Mbhekeni. Kusema kwa Mbhekeni ni kusema kwa Khonzaphi, kwa sababu Khonzaphi naye hakuolewa, na alikuwa na msonge wake nyuma ya zizi. Bathabile hakuwa mama mbaya. Alituma nguo, alituma ada ya shule, na kila Krismasi alikuja na keki ndani ya bati. Lakini siku za surua aliyekesha alikuwa Khonzaphi, na mkeka aliokojolea mtoto, ule ulioanikwa ukutani kila asubuhi, ulikuwa wa Khonzaphi. Mtoto alimwita Khonzaphi Mama Mkubwa, kama inavyotakiwa, na Bathabile alimwita Mama, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekosea.

Sasa, katika ng'ombe wa mahari yumo mmoja ambaye baba hamgusi wala kaka hamgusi. Huyo ni wa mama wa binti, wa kumshukuru kwa kuzaa na kulea, na mama akipenda humchinja akala na wanawake wenzake, akipenda humfuga. Watu wa ukoo wa Mkhwanazi, kwa bwana harusi, walimleta wa kwao mwezi wa tano, kwenye gari la mizigo, asubuhi ileile Khonzaphi alipokuwa akifunga sufuria na blanketi lake kwenda kukata nyasi. Alikuwa mtamba mweupe mwenye madoa meusi mbavuni, masikio meusi, pembe ndiyo kwanza zinachomoza.

"Haya, Bathabile!" Mbhekeni aliita. "Njoo umpokee wako."

Bathabile alitoka jikoni akipangusa mikono, kitambaa cha hariri kichwani. Alikuwa amechukua likizo kwa ajili ya mambo hayo.

"Jamani, mzuri! Lakini mimi nakaa ghorofani, nitamfunga wapi? Kwenye lifti?"

Watu wakacheka, hata wale wageni wa Mkhwanazi waliotakiwa kukaa kwa heshima.

"Dada!" Bathabile akamgeukia Khonzaphi. "Dada, mwone ng'ombe wangu!"

"Nimemwona," Khonzaphi akasema. "Ng'ombe mzuri." Akajitwisha mzigo wake, akaenda barabarani kungoja gari.

Kule kinamasini wanawake walikuwa wamekwisha kufika, wa kila upande, na maturubai yao na vyandarua vyao vyenye viraka. Incema, nyasi hizo za mikeka, huota pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, na hazikatwi ovyo: lango la hifadhi hufunguliwa mwezi wa tano, na mwezi ukiisha linafungwa. Ukichelewa umekosa mpaka mwakani. Mwaka huo mvua ilinyesha wakati si wake. Wanawake walikata huku maji yanawatiririka migongoni, na upande wa pili wa maji viboko walikuwa wakiguna.

MaZikhali, jirani yake Khonzaphi, alikuwa akikata hatua chache pembeni yake. Alimtazama, akamtazama tena.

"Wewe Khonzaphi, leo unakata kama unayekomoa mtu. Nyasi zimekukosea nini?"

"Mvua inanyesha, MaZikhali. Kata."

"Mvua inanyesha kila mwaka. Mimi nimekuzoea ukipapasapapasa humo kama daktari wa wajawazito, mpaka tunamaliza wewe hujafika nusu. Leo umetupita sote."

"Nina mikeka mingi ya kufunga."

"Haya, mama wa mikeka," MaZikhali akasema, akainama tena.

Khonzaphi aliendelea kukata. Mundu ulikwenda, mafungu yakaongezeka. Macho yake yalikuwa kwenye nyasi, lakini kama ungemwuliza jioni ile ameona nini, asingekuambia.

Nyumbani mvua haikuacha. Nyasi za incema zinataka jua kwanza, zigeuzwe na kugeuzwa, ndipo ziingizwe ndani. Yeye alizikaushia msongeni, juu ya moto, kwenye dari la fito. Zilikauka vizuri, zikawa na rangi ya asali. Joto la moshi halimwui aliyeko ndani. Linamsinzisha tu.

Bathabile alimkuta anaanza kusimamisha kiunzi, akasimama mlangoni.

"Dada, kwani lazima? Mjini iko mikeka ya plastiki, inakunjika, ina maua, inafutika kwa tambara. Nikinunua yote siku moja, wewe unapumzika mgongo. Siku hizi kila harusi wanapeleka hiyo."

"Plastiki ya kumtandikia nani?"

"Ya kuwatandikia wakwe! Wanakaa dakika mbili, wanaichomeka nyuma ya kabati."

"Na wazee waliokufa? Nao wataichomeka nyuma ya kabati?"

Bathabile akacheka. "Dada, wewe una kiburi cha nyasi." Alisema kwa upole, na alirudi Durban Jumapili hiyo, na yule mtamba akabaki zizini. Wa kumpeleka mtoni asubuhi na kumrudisha jioni akawa Khonzaphi, kwa sababu njia yake ya kuchota maji ilipita pale.

Mikeka ya kule haisukwi kwa ukili. Unachimbia miti miwili yenye panda, juu yake unalaza ufito, na kwenye ufito unapitisha kamba, kila kamba ina jiwe mbele na jiwe nyuma. Unalaza unyasi mmoja, unavusha jiwe la nyuma mbele na la mbele nyuma, kamba inaukaba unyasi, unalaza mwingine. Ukisikia mawe yanagongana nyumba nzima, kok, kok, kok, ujue mtu anaolewa. Kwa Mbhekeni mawe yaligongana majira yote ya baridi. Nonjabulo alikuwa akija na kukaa miguuni pa mama yake mkubwa, akichambua nyuzi za kamba, akisimulia habari za Bhekumuzi, mchumba wake, aliyekuwa fundi wa pampu za maji na aliyeogopa vyura.

"Anaogopa vyura, na kazi yake visima?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Anapiga yowe kabisa. Usimwambie kwamba nimekwambia."

"Nitamwambia siku ya harusi, kwenye kipaza sauti."

Kok, kok. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Habari za ng'ombe hazikutajwa.

Mwisho wa mwezi wa tisa mikeka ilikuwa tayari. Unyasi mkavu ukikunjwa kwa nguvu huvunjika, kwa hiyo kabla ya safari mikeka hunyunyiziwa maji, ikilainika hukunjwa, hufungwa mafungu kwa kamba mbichi. Khonzaphi alifanya hivyo Alhamisi, ili Jumamosi waende. Ijumaa ikaja habari kwamba kwa Mkhwanazi amefariki shemeji wa mzee wa nyumba, na shughuli itangoja mpaka matanga yaondolewe.

Mikeka ikakaa msongeni, imefungwa, mibichi, karibu na meko. Na joto nalo lilikuwa limeanza kurudi.

Khonzaphi aliinusa ile harufu ya unyevu. Angeweza kuifungua akaianika. Lakini kwao mikeka ya bibi harusi ikishafungwa kamba haifunguliwi tena nyumbani. Kuifungua ni kumrudisha binti mlangoni kwa mkono wako mwenyewe, ni kusema harusi imevunjika. Inafunguliwa kule inakokwenda. Alipita karibu na mafungu yale kila siku, akayagusa, akayaacha. Hata MaZikhali alipokuja kuomba chumvi, akanusa akasema, "Hii mikeka inachemka," wote wawili waliitazama tu, na hakuna aliyenyoosha mkono kwenye fundo.

Siku ikafika. Bathabile aliketi mbele kwenye gari, karibu na dereva, na kofia, kama mama wa bibi harusi. Khonzaphi aliketi nyuma, juu ya mikeka, pamoja na wasichana waliokuwa wakiimba na fimbo zao nyembamba mikononi. Fimbo hizo ni za mzaha: mkwe akishaitwa na kuketi juu ya mkeka wake na kufunikwa blanketi, wasichana humcharaza kidogo mpaka ainuke akimbie, na watu hufurahi. Hata wakwe wenye ndevu nyeupe hukimbizwa.

Lakini kabla ya walio hai ni zamu ya wafu. Mkeka wa kwanza hutandikwa ndani, nyuma kabisa ya msonge mkubwa, mahali pa wazee wa nyumba waliokwisha kufa. Bibi harusi akishawatandikia hao ndipo anahesabika ameingia. Asipowatandikia, hata angepikiwa ng'ombe kumi, yeye bado ni mgeni.

Ndani ya msonge wa Mkhwanazi kulikuwa giza la baridi, na harufu ya samadi iliyosiribwa sakafuni. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Nonjabulo alipiga magoti kule nyuma, kitambaa kimefunika uso, kwa sababu bibi harusi siku hiyo haonyeshi uso wala hasemi. Mzee Mkhwanazi, baba yake Bhekumuzi, aliwaita wazee wake kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia binti wa Ngema amefika. Nonjabulo akafungua fundo. Akausukuma mkeka, ukajikunjua wenyewe.

Mwanzo alitoka mmoja. Alipanda hewani, akazunguka, akaelekea kwenye mwanga wa mlango. Halafu wakatoka wengine, wadogo, rangi ya majani makavu, kama vile mkeka wenyewe ulikuwa ukifuka moshi. Wakatua kwenye kofia za watu, kwenye shanga. Mmoja akatua kwenye chungu cha pombe, akakunja mabawa yake, akakaa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtoto akapiga chafya, akanyamazishwa.

Aliyesema kwanza alikuwa Shangazi Fikelephi, dada wa Mzee Mkhwanazi, mwanamke mrefu ambaye hata kaka yake alimwogopa kidogo.

"Mmeona wenyewe. Sijasema mimi. Wazee wameletewa mkeka, wameukataa, hao wanaruka wakitoka nje."

"Fikelephi, ngoja," Mzee akasema.

"Ningoje nini? Tumezika juzi. Leo tunaingiza mgeni, na mkeka unapumua! Kunjeni hiyo mikeka, muirudishe kwenye gari. Binti naye apumzike kwao mpaka tujue amekosewa nini au amekosea nini."

Minong'ono ikapita upande wa wanawake. Khonzaphi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa watu waliobeba mizigo. Kutoka pale hakuweza kumwona Nonjabulo uso, lakini aliiona mikono yake mapajani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefichwa ndani ya ngumi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu mdogo, akivunja kitu na kungoja kugombezwa.

"Mama wa binti yuko wapi?" Mzee Mkhwanazi akauliza.

"Mimi hapa, baba," Bathabile akasema. "Lakini mikeka si yangu mimi. Mimi nilisema tulete plastiki. Mikeka ni ya dada yangu." Akageuka, akamwonyesha mlangoni.

Vichwa vyote vikageuka. Khonzaphi akaweka mkono sakafuni, akatoka alipokuwa, akapita katikati ya watu kwa magoti mpaka kwenye mkeka. Nondo mmoja alikuwa akitambaa ukingoni. Alimtazama kama unavyomtazama jirani mliyekosana naye.

Akaupapasa mkeka. Vidole vyake vilipita upesi, na mara hiyo vikaona: tundu, unga, tundu jingine. Kila palipokuwa na tundu palikuwa na dirisha dogo jipya lililotobolewa kutoka ndani. Akautoa wembe kwenye kifundo cha kanga yake, akakata kamba mbili. Mtu alishtuka, "Yoo! Anaukata!" Yeye akauchomoa unyasi mmoja, akaupasua kwa ukucha toka juu hadi chini, akaufungua kama ganda la njugu. Ndani mlikuwa na ganda la kahawia, tupu, jepesi.

"Baba Mkhwanazi, nipe kiganja chako."

Mzee akanyoosha mkono. Khonzaphi akamwekea.

"Huyu alilala humu tangu nyasi zikiwa majini. Nimezikata naye, nimezikausha naye, nimezifunga naye. Kabla ya kuzikunja nikazinyunyizia maji, akaamka. Kisha mkapata msiba, na mikeka ikakaa imefungwa, kwa kuwa haifunguliwi nyumbani. Ndiyo hivyo. Wazee wako hawamo humu. Tangu lini mtu wa Mkhwanazi akavaa ganda?"

Mzee aliligeuza lile ganda kwa kidole. Likavunjika.

"Kwa hiyo mmetuletea funza," Shangazi Fikelephi akasema.

"Nimewaletea funza, mama. Mimi. Si binti, wala si mama yake."

"Sasa ni mwanamke gani huyo anayemtuma mtoto ugenini na funza?"

"Aliyekata bila kuangalia," Khonzaphi akasema.

Alisema kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Lakini MaZikhali, aliyekuwepo, na aliyemjua, aliinamisha kichwa. Kila mwanamke mle ndani alikuwa na binti, au mpwa, au mjukuu, na kila mmoja alisikia. Hakuna atakayevuka Msunduze tena kumtafuta Khonzaphi Ngema.

Mzee Mkhwanazi alipangusa kiganja kwenye suruali.

"Toeni mikeka yote uani," akasema. "Wasichana wa Ngema, mmekuja na fimbo za kutupiga sisi, siyo? Basi pigeni mikeka kwanza."

Ikatolewa. Ikatundikwa kwenye ua wa fito, juu ya gari, juu ya migongo ya viti. Wasichana wakaipiga, mwanzo kwa aibu, kisha kwa nguvu, na nondo wakatoka mafungu kwa mafungu kwenye jua kali wasilolipenda. Kuku wa Mkhwanazi wakasimama kwanza, wakainamisha vichwa upande, hawaamini. Halafu wakaja mbio, kutoka jikoni, kutoka zizini, vifaranga nyuma, jogoo akiruka hewani kama kijana.

Mzee aliwatazama muda.

"Fikelephi, dada yangu," akasema, "kama wale walikuwa wazee wetu, basi tazama babu anavyoliwa."

Shangazi Fikelephi alijizuia, mdomo ukampinda, akajifunika kwa upande wa shali. Mabega yalimsaliti. Ndipo watu wote wakacheka, na Bhekumuzi, aliyekuwa amesimama kando, rangi ya majivu, akavuta pumzi.

"Lakini ule wa wazee," Shangazi akasema alipoweza kusema, "umekatwa. Hauwezi kulala pale na mwanya. Na mwingine haufai, huo ndio waliotajiwa."

"Utatengenezwa," Mzee akasema. "Tutangoja. Pombe ipo."

Kwa hiyo kila kitu kikamngoja Khonzaphi. Nonjabulo alibaki ndani peke yake, amepiga magoti, amefunikwa, kwa sababu asipotandika haruhusiwi kutoka. Watu walikaa uani na vyungu vyao. Kiunzi hakikuwepo. Wakaleta kreti mbili za soda, wakazisimamisha, juu yake ufito, na watoto wakaenda kuokota mawe yenye uzito unaolingana. Khonzaphi akakaa chini, miguu ameinyoosha. Akafungua mkeka wa akiba, akachomoa nyasi zake moja moja, na kila unyasi aliupitisha kwenye vidole, juu mpaka chini, akaugeuza, akaupitisha tena. Wenye tundu aliwatupia kuku.

Hakuharakisha. Shangazi Fikelephi alikuja mara moja akasimama nyuma yake, akatazama, akaenda zake.

Baadaye kivuli kingine kikaja, kikaketi. Bathabile alikuwa amevua kofia na viatu vyake vya mjini. Alichukua kamba akaanza kuisokota pajani, kama walivyofundishwa wote wawili na mama yao. Alikuwa ameisahau kidogo. Khonzaphi akamnyooshea mkono, akairekebisha, akamrudishia.

Kok, kok.

"Nimekuaibisha mle ndani," Bathabile akasema. "Niliogopa. Nilikuonyesha kidole kama mwizi."

"Ulisema kweli. Mikeka ni yangu."

Kok.

"Lakini dada, wewe hukosei hivi. Nimekuona tangu tuko wadogo. Mama alikuwa ananipiga kwa sababu yako, 'Mbona Khonzaphi hajaleta hata mmoja wenye tundu?' Mwaka huu ulikuwa unaangalia nini?"

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"MaZikhali amenieleza habari za mvua. Ananiambia ulikuwa unakata kama unamkomoa mtu." Bathabile aliacha kusokota. "Tangu mwezi wa tano unaniambia ndiyo na hapana tu. Kwenye simu nakuuliza mzima, unaniambia ng'ombe mzima. Nimekufanya nini? Niambie, maana nitarudi Durban kesho kutwa, na nitakwenda nikiwaza."

Khonzaphi akalaza unyasi. Akavusha jiwe la mbele, akavusha la nyuma, akakaza. Ulikuwa umebaki mwanya wa nyasi tatu au nne. Ndani ya msonge Nonjabulo alikohoa, na wote wawili wakainua vichwa kwa pamoja, kama wanawake wawili wenye mtoto mmoja.

"Nilikuwa naangalia ng'ombe," Khonzaphi akasema.

"Kinamasini? Ng'ombe gani?"

Alilaza unyasi mwingine. Aliupapasa, ingawa alikuwa amekwisha kuupapasa.

"Yule mwenye madoa," akasema. "Wa mama. Simtaki kwa kumchinja, wala simtaki leo kwa kuwa umeniuliza. Nilimtaka siku ile ile aliposhuka garini. Nilitaka Mbhekeni aniite mimi."